Mngojane: chungu kimoja cha Krismasi, na imani inayokulia mezani (uzi wa wana Nyanda za Juu Kusini)

MjukuuWaRungwe

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wasio wa imani hii, habari za jioni.

Naandikia Ilomba, Mbeya mjini. Mvua inapiga bati tangu saa tisa na umeme umerudi sasa hivi. Krismasi imebakiza juma moja na siku kadhaa. Stendi imeshaanza kufurika, ndugu zetu wa Dar wanapandisha mlima Kitonga usiku na mchana. Kila mwaka wakati kama huu mazungumzo ni nauli, bei ya mchele na nguo za watoto. Mimi naomba tuongee habari ya chakula chenyewe: tunakula na nani, na kule kula kwetu pamoja kunaifanyia nini imani yetu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi.

Kwetu ni Rungwe, chini kidogo ya Tukuyu, kwenye migomba na chai. Baba yangu na baba mdogo walikosana juu ya mpaka wa shamba la chai. Ni mistari mitatu tu ya miche, ukiiona leo utashangaa. Lakini miaka minne hawakusalimiana. Wote wawili ni Wamoravian, wamebatizwa kanisa moja. Jumapili baba anakaa mbele, baba mdogo anakaa nyuma karibu na mlango ili atoke kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Siku ya meza ya Bwana wote wanashiriki. Hilo lilimuumiza bibi yetu kuliko hata shamba lenyewe, maana wote wawili amewazaa yeye.

Krismasi za miaka ile kila nyumba ilipika ya kwake. Jikoni kwetu na jikoni kwao si mbali, tulikuwa tunauona moshi wao na wao wanauona wetu. Sisi watoto tulicheza pamoja asubuhi baada ya ibada, halafu kila mama anaita wa kwake. Mtu unakula wali huku unasikia ndugu yako naye anakula wali ng'ambo ya migomba.

Majilio ya mwaka wa tano bibi akawaita wakamwana wake, yaani mama na mama mdogo, akawaambia: mwaka huu mtapika chungu kimoja, hapa kwangu. Hakusema zaidi. Wale wawili walikuwa hawajaacha kuzungumza, walikuwa wakikutana njia ya kisimani, kwa hiyo walikubali siku ile ile. Mama mdogo akatoa mchele wa Kyela aliokuwa ameuficha tangu katikati ya mwaka. Mama akatoa majogoo wawili. Ndizi zikakatwa nyuma ya nyumba ya bibi, maharage yakalowekwa usiku wa mkesha.

Hapa nisimame kidogo, kwa wasiokaa huku. Desemba si mwezi wa shibe katika nyanda zetu. Mahindi ndiyo kwanza yako chini ya goti, watu wako kwenye palizi. Gunia la mavuno ya Julai limeshalegea. Mpunga mpya wa Kyela mpaka Mei, Juni. Kwa hiyo mtu anayekutolea mchele Desemba anakutolea kile alichokuwa anakihesabu. Sadaka ya jikoni siyo ndogo, tunaipita tu kwa sababu haitangazwi.

Siku yenyewe, tumetoka kanisani, saa saba chakula kimeiva. Sufuria la ndizi limefunikwa kwa majani ya mgomba, wali umepaliwa makaa juu. Baba akaambiwa. Akajibu kwamba atakula nyumbani kwake. Baba mdogo naye hakutokea. Bibi hakubishana na yeyote. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akasema atakula wanawe wakishaingia wote wawili. Sisi watoto tukapewa viazi vya kuchemsha tuzuie njaa. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mvua ikaanza. Mama aliingia jikoni mara tatu kufunua na kufunika, nafikiri hakujua afanye nini na mikono yake.

Saa kumi hivi baba akaja, amelowa. Akakaa. Muda si mrefu baba mdogo akaja kwa mlango wa nyuma, akakaa upande wa pili wa mkeka. Hakuna aliyesema kitu. Mama mdogo akaleta birika na beseni la kunawa. Sasa kwetu, kama kwa wengi wenu, mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa. Baba, ambaye ndiye mkubwa, akanyanyuka, akalichukua lile birika mkononi mwa mama mdogo, akapiga goti mbele ya mdogo wake akammiminia maji. Nakumbuka sauti ya yale maji kwenye beseni la bati. Baba mdogo alinawa taratibu sana, akasugua hadi kwenye viwiko, kama mtu asiyetaka maji yaishe.

Bibi akaomba kwa Kinyakyusa. Akaanza na ndaga, yaani asante, akamaliza na ndaga. Vikaletwa vyakula, sinia moja. Baba mdogo akatafuta kwenye mchuzi, akaipata firigisi, akaiweka mbele ya baba: "Kaka, firigisi yako hii." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa kaka yake baada ya miaka minne.

Mpaka wa shamba haukuzungumzwa siku ile. Ulikuja kupimwa mwezi wa tatu mbele ya wazee wa kitongoji, bila kelele.

Nilipokuwa mkubwa nilimsimulia mchungaji mmoja habari hii, naye akanipa historia ambayo sikuwa naijua ingawa nimezaliwa ndani ya kanisa hilo. Wamoravian wa kule Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakimbizi wa dini waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya kabaila Zinzendorf. Walikuwa wanagombana vibaya. Tarehe 13 Agosti 1727 walishiriki meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, wakapatana kwa machozi. Ibada ilipokwisha watu hawakutaka kutawanyika, wakabaki makundi makundi wakizungumza. Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake ili wasilazimike kuachana. Ndiyo asili ya karamu ya upendo katika kanisa hili. Miaka ishirini baadaye, mkesha wa Krismasi wa 1747 huko Marienborn, watoto wakagawiwa mishumaa iliyofungwa utepe mwekundu, na ile ibada ya mishumaa ikaanzia hapo. Watu wa kanisa hilo hilo ndio waliofika Rungwe mwaka 1891.

Kilichonikaa moyoni ni mpangilio. Herrnhut msamaha ulitangulia, chakula kikafuata. Kwetu chakula kilitangulia. Hakuna aliyekuwa amesamehe alipoingia mlangoni, walikuja tu kwa sababu mama yao mzee ana njaa. Msamaha ukawakuta humo humo, kati ya birika na firigisi. Nikakumbuka wale wawili wa njia ya Emau, walitembea na Bwana safari nzima akiwafundisha Maandiko wasimtambue, macho yakafumbuka alipoumega mkate (Luka 24).

Na nikakumbuka Paulo anavyowagombeza Wakorintho, kwamba kila mtu anatangulia kula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Dawa aliyowapa ni fupi: mkutanikapo kula, mngojane (1 Kor 11:33). Bibi hakujua kusoma. Lakini kuanzia saa saba hadi saa kumi alikuwa anaufundisha mstari ule akiwa amekaa kwenye kigoda.

Sasa naona tunarudi kwa moshi wa jikoni mbili kwa njia nyingine. Ndugu wanafika kutoka mjini, kila familia na hotipoti yake, huyu anakula kwenye gari, huyu sebuleni na simu, vijana wamechukua sahani wameondoka. Tumekutana lakini hatujangojana. Naomba kila mwenye la kusema aseme, kwenu mnafanyaje?


Mnyalu_Kihesa

Kamwene, dada. Nimesoma nikarudia pale kwenye birika.

Huku Iringa tatizo letu lilikuwa ulanzi, pombe ya mianzi. Mnajua mvua zikishaanza mianzi inatoa, na Krismasi inaangukia humo humo. Wajomba wanakuja na madumu. Saa sita wote ni ndugu, saa kumi na moja watu wanakumbushana deni la ng'ombe la zamani. Tulizika Krismasi mbili hivyo. Baba akawaita wakubwa kabla ya sikukuu, wakakubaliana kwamba kwenye mkeka wa Krismasi ni chai na togwa tu. Anayetaka ulanzi haulizwi, ila akanywe kwake na siku nyingine. Kuna mjomba mmoja alikasirika mwaka wa kwanza. Sasa hivi yeye ndiye anayekoroga togwa.

Jambo jingine tunalofanya: kabla ya kunawa, kila mtu anataja kitu kimoja ambacho Mungu amemtendea tangu Krismasi iliyopita. Mahubiri hayaruhusiwi, hata kwa mwinjilisti. Mwaka jana mtoto wa miaka saba alishukuru kwamba mbuzi wao mgonjwa hakufa. Baada yake shangazi, ambaye huwa anasema "namshukuru Mungu kwa uzima" na kukaa, akasimama akasema namshukuru Mungu kwa sababu nilipanga kujiua mwezi wa sita na sikujiua. Tulikuwa hatujui. Tunaishi naye, tunalima naye, tulikuwa hatujui. Hatukula mpaka jioni siku ile, na hakuna aliyelalamika.


SomaMaandiko

Mleta mada, simulizi ni nzuri. Lakini Biblia haijatuagiza kuadhimisha tarehe 25 Desemba, wala mitume hawakufanya hivyo. Kwa nini imani ikuzwe kwa siku ambayo haimo katika Maandiko?


MjukuuWaRungwe

@SomaMaandiko, ni kweli ndugu yangu, tarehe haimo. Kumbukumbu ya kale kabisa tunayoijua ya sikukuu hii kufanyika tarehe 25 Desemba ni ya Roma, mwaka 336. Sigombei tarehe. Ila Matendo 2:46 imo, wakimega mkate nyumba kwa nyumba, na hao walikuwa wanafanya hivyo siku zote. Kama nyumbani kwako mnangojana kila jioni ya mwaka mzima, basi mmetutangulia. Kwetu siku ambayo wote tunapata ruhusa ya kazi na nauli ya pamoja ni hiyo moja.

Na tukiwa kwenye Maandiko: Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, na mtoto alilazwa kwenye hori la kulishia ng'ombe. Mariamu alimweka mahali pa chakula. Tangu nilipoona hilo, kila nikipakua Krismasi nalikumbuka.

@Mnyalu_Kihesa, mpe shangazi salamu zangu. Nimemwombea sasa hivi kabla ya kuandika. Endeleeni kukaa naye karibu, msimwachie hadi Krismasi nyingine.


MkamwanaBusokelo

Dada, nakuuliza kwa heshima. Chungu kimoja sawa, lakini wewe ni wa kwetu, unajua. Mkamwana hamkabili baba mkwe wake. Hamtazami, hali naye. Sisi tunapika tangu saa kumi na moja alfajiri, watu wakikaa kwenye mkeka sisi tunabaki jikoni na moshi. Hiyo karamu ya upendo inafika jikoni?


MjukuuWaRungwe

@MkamwanaBusokelo, umenishika mahali penye ukweli. Katika hadithi yangu babu alikuwa ameshafariki, ndiyo maana mama na mama mdogo waliweza kukaa. Lakini mke wa kaka yangu alipoingia kwenye familia, yeye na baba yangu mwiko ukawa palepale. Miaka miwili ya kwanza alikula jikoni, na mimi nilikuwa sebuleni nikifurahia umoja wetu. Sikuona. Samahani kwa hilo, na nilimwomba samahani yeye mwenyewe.

Tulichofanya si kikubwa. Baba ni mtu wa mila na hatukutaka kumvunjia heshima, wala yule binti hakutaka. Mkeka ukahamishiwa barazani, karibu na mlango wa jikoni. Wifi anakaa ndani ya mlango, watoto wako katikati, baba yuko ng'ambo amempa mgongo. Wanasikia sala moja na wanakula kwa wakati mmoja. Mwaka jana, baada ya kula, baba akasema kwa sauti bila kugeuka: aliyepika ndizi hizi Mungu ambariki. Wifi alilia. Najua kuna familia nyingi za Kikristo Rungwe ambazo zimeshalegeza mwiko wenyewe kabisa, na zipo zilizoushika kama ulivyo. Sisi tuko hapo kwenye mlango.

Wazee wetu walikuwa na neno ukwangala, ule utamu wa kukaa na watu, kula na kuongea. Vijana wa rika moja walikuwa wakienda kundi zima kula kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Hakuna aliyekula peke yake. Nadhani Injili ilipokuja ilikuta meza imeshatandikwa, kazi iliyobaki ni kuongeza nafasi ya wale waliokuwa jikoni.


Mkinga_Makete

Salamu kutoka kwenye baridi. Nachangia moja tu. Ukimwi ulituachia Makete bibi wengi wenye wajukuu na hakuna mtu wa katikati. Kwao hakuna wa kungojana naye, aliyetakiwa kuja yuko kaburini. Mama yangu kila Krismasi anapakua sahani za kwenda nje kabla hajapakua ya ndani. Anasema Nehemia aliwaambia watu wale kilichonona na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu (Neh 8:10). Kwanza zinatoka za bibi wawili wa bondeni, ndipo sisi tunanawa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nabeba mimi, sahani imefunikwa kwa kitambaa, nikiogopa kuteleza kwenye matope. Leo anabeba mwanangu.


JiraniSokomatola

Mimi ni Mwislamu, nimeingia kusoma na nimekaa mpaka mwisho. Nataka mjue na upande wetu. Jirani zangu Walutheri hawajawahi kuchinja mbuzi wa Krismasi bila kuniita mimi au marehemu baba nichinje, ili sisi nasi tule. Wangeweza kuchinja wenyewe, ni mbuzi wao. Sahani ikija kwangu siku hiyo, hairudi tupu, na Idi yetu wanaipata vilevile. Mtoto wangu mdogo anafikiri Krismasi ni sikukuu ya mama wa mlango wa pili, na mimi sijaona haja ya kumrekebisha.


FundiMwanjelwa

Naomba ushauri wenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, kwetu ni Ludewa. Nguo za Krismasi nashona hadi usiku wa tarehe 24, mteja wa mwisho akichukua ni saa nne, tano. Basi la kunifikisha nyumbani asubuhi halipo. Huu utakuwa mwaka wa tatu ninakula chipsi peke yangu chumbani kwa kupanga, naangalia picha za ndugu zangu kwenye simu wako kwenye mkeka. Kanisani naenda, nikitoka kila mtu ana kwao. Mimi nimngoje nani?


MjukuuWaRungwe

@FundiMwanjelwa, kaka yangu, umeuliza swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza kwenye uzi huu.

Nianze na hili: karibu kwetu Ilomba, nimekutumia ujumbe pembeni, na ninamaanisha. Lakini naomba kabla hujajibu ufikirie jambo moja. Hapo unapopanga mko vyumba vingapi? Hujakosa mwenzako wa namna yako. Kuna mlinzi wa usiku, kuna binti wa duka la dawa ambaye zamu imemwangukia, kuna mwanafunzi asiye na nauli, kuna kijana wa bodaboda. Kila mmoja amejifungia anadhani mwenye upweke ni yeye. Wewe ukipika, wao wana mahali pa kwenda.

Huhitaji fedha nyingi. Kilo mbili za mchele zinatosha watu kumi na wawili wakila na kitu kingine, na watu wako hawatafika hapo. Kilo ya nyama, viazi vya Uyole, kabichi, nyanya. Viungo vya pilau nunua vya kupima sokoni, mdalasini, iliki na bizari nzima, si vya pakiti. Kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia kabisa, usikate tamaa katikati, rangi ya pilau iko hapo. Mwambie kila mmoja alete alicho nacho, hata maji. Sinia azima kwa mama mwenye nyumba. Halafu kabla ya kunawa, mtu mmoja asome Luka 2, ile habari fupi ya wachungaji wa kondoo. Nao walikuwa zamu ya usiku.

Kuhusu wa kumngoja, mngoje atakayechelewa kuliko wote.


Mnyalu_Kihesa

@FundiMwanjelwa, tuletee mrejesho. Tunakuombea.


FundiMwanjelwa

Ni tarehe 26, mrejesho wakuu.

Niligonga milango minane tarehe 23 usiku, mkono unatetemeka. Watatu walikuwa wanasafiri. Mmoja alisema haamini mambo haya lakini pilau anaamini, nikamwambia aje. Tulikuwa sita. Binti wa duka la dawa alitoka kazini saa tisa badala ya saa saba, tukamngoja. Mlinzi alikuwa amekuja na sahani yake ya plastiki mkononi, alidhani anapewa aondoke. Nikamwambia hapana mzee wangu, hapa tunakaa. Akasimama kidogo pale mlangoni, akavua kofia.

Umeme ulikatika tukiwa tunataka kuanza na mawingu yalikuwa yameshatia giza, kwa hiyo Luka 2 ilisomwa kwa tochi ya simu. Aliyesoma ni yule aliyesema haamini, maana simu yake ndiyo iliyokuwa na chaji. Alipofika kwenye hori alisimama, akauliza kama ni kweli ni pale ng'ombe wanapolishiwa. Mlinzi akamweleza, yeye ni mtu wa ng'ombe, wa Usangu. Akaeleza hori linavyotengenezwa, linavyonuka, na jinsi ndama wanavyosukumana. Sijawahi kusikia Krismasi ikielezwa hivyo. Pilau lilipoa na tukalila lote.

Leo jioni wameniuliza Jumapili tunapika kwa nani. Sasa hivi natoka kwenda sokoni kutafuta parachichi. Sinia la mama mwenye nyumba nalirudisha asubuhi, siwezi kulirudisha tupu.